Paulo Alisafiri na Watu 276

Iko hoja inayosikika siku hizi hata katika sharika zetu, nasi tunataka kuijibu bila kuzunguka. Inasema kwamba mtumishi wa Mungu akimiliki ndege yake binafsi, hiyo ni ishara ya imani yake na ya kibali cha Mungu. Na anayehoji ana wivu, au ana roho ya umaskini. Hoja hii haikuzaliwa kwetu. Imetoka Marekani, ikapita Nigeria, ikatufikia kwa televisheni na kwa simu za mkononi. Sasa imekaa sebuleni mwa washarika wetu, na wako wanaotuma fedha huko kwa simu, wakiita kupanda mbegu, huku bahasha ya ahadi ya usharika ikikaa kabatini tangu Januari.

Tuyataje mambo yenyewe. Mwaka 2015 Creflo Dollar, mhubiri wa jimbo la Georgia, aliwaomba watu 200,000 watoe dola 300 au zaidi kila mmoja ili anunuliwe Gulfstream G650, ndege ya dola milioni 65 hivi. Zikapigwa kelele, ombi likaondolewa, na baada ya muda mfupi bodi ya huduma yake ikatangaza kwamba ndege itanunuliwa tu. Mwaka 2018 Jesse Duplantis wa Louisiana aliomba Falcon 7X ya dola milioni 54. Alikuwa amekwisha kumiliki ndege tatu kabla ya hiyo. Mwaka huohuo Kenneth Copeland wa Texas alitangaza kwamba amenunua Gulfstream V iliyokuwa ya mwigizaji Tyler Perry.

Duplantis alijitetea kwa kusema kwamba Yesu angekuwa duniani leo asingepanda punda, angepanda ndege. Wengi walicheka, wengine wakasema amina. Sisi tunasema hakuisoma habari ya punda. Punda yule hakuwa usafiri wa kawaida wa zama zile uliochaguliwa kwa sababu ndege hazijavumbuliwa. Nabii Zekaria, katika sura ya 9, alimweka mfalme juu ya punda kinyume cha magari na farasi wa vita. Yesu alijua farasi wako, akachagua mnyama wa mnyenyekevu. Na alimwazima! Marko anaandika kwamba wanafunzi waliagizwa kumwambia yeyote atakayewauliza kuwa punda atarudishwa.

Lakini utetezi uliotuumiza zaidi ni mwingine. Mwaka 2015 Copeland na Duplantis walikaa pamoja katika kipindi cha televisheni wakaeleza kwa nini hawawezi kusafiri kwa ndege za abiria kama watu wengine. Copeland alizifananisha na bomba refu ambalo mtu anaingia humo pamoja na mapepo. Miaka minne baadaye, alipoulizwa na mwandishi wa habari, alikana kwamba aliwaita watu mapepo. Haya, tumwachie hilo. Katika kipindi kilekile alimtaja mhubiri mwenzake wa zamani, Oral Roberts, kwamba alipokuwa maarufu ndege za abiria zilimsumbua rohoni, kwa kuwa watu walikuwa wakimfuata kwenye kiti na kumtaka awaombee.

Msomaji, rudia tena sentensi hiyo polepole. Walimtaka awaombee, na hilo likahesabiwa kuwa usumbufu ambao dawa yake ni ndege ya peke yako.

Sasa twende Matendo ya Mitume 27. Paulo yumo melini, naye ni mfungwa. Luka, mwandishi makini, anatupa hesabu ya watu waliokuwa ndani: 276. Askari, mabaharia, wafungwa wenzake. Na tusidhani wote walikuwa watu wa sala. Mabaharia walikuwa wakitafuta njia ya kutoroka na mashua, askari walipanga kuwaua wafungwa. Kama ni kusumbuliwa rohoni, Paulo alikuwa na sababu nyingi. Siku ya kumi na nne ya dhoruba alitwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele yao wote, akaumega, akala, nao wakachangamka. Injili ilifika Rumi kwa chombo cha abiria. Na kwa Marko 5 ni vivyo hivyo: mwanamke aliyetokwa damu miaka kumi na miwili aliponaje, kama si kwa sababu Bwana alikubali kusongwa na umati njiani? Yairo alikuwa na haraka, binti yake alikuwa anakufa. Yesu akasimama.

Watatuambia kwamba ni suala la muda: dunia ni kubwa, mikutano ni mingi, ndege binafsi haipangi foleni. Hapa tuseme jambo la kawaida kuhusu ndege hizi ambalo washarika wengi hawaelezwi. Bei ya kununua ni mlango tu. Marubani wawili wanalipwa mshahara ndege ikiruka isiruke. Kuna banda la kuitunza, bima, ukaguzi wa lazima kila baada ya saa kadhaa za kuruka, na mafuta ambayo kwa ndege kubwa yanafanya kila saa ya angani iwe maelfu ya dola. Ikikaa chini inakula fedha, ikiruka inakula zaidi. Ndiyo maana hata matajiri wengi wanaona heri kukodi kwa saa kuliko kumiliki, na ndiyo maana wamiliki wengi huikodisha kwa wengine siku wasizoihitaji. Kwa hiyo mhubiri aliyenunua ndege ili aokoe muda anajikuta ama anaomba sadaka ya kuilisha kila mwezi, ama ameingia katika biashara ya kukodisha ndege.

Na biashara hiyo ina hatari zake. Ayo Oritsejafor, aliyekuwa rais wa Jumuiya ya Wakristo ya Nigeria, alipewa ndege na waumini wake mwaka 2012 kama zawadi ya miaka 40 ya utumishi. Septemba 2014 ndege hiyo ilikutwa Afrika Kusini ikiwa na fedha taslimu dola milioni 9.3. Serikali ya Nigeria ilisema ni fedha za kununulia silaha. Yeye alieleza kwamba ndege ilikuwa imekodishwa kwa kampuni nyingine, nasi hatuna sababu ya kusema alijua kilichopakiwa. Ndiyo hoja yetu hasa. Zawadi ya kanisa ilibeba masanduku ya fedha za silaha, na mwenye zawadi anasema hakuwa na habari.

Je, washarika wa huko hawawezi kuuliza hesabu? Sheria ya Marekani hailazimishi makanisa kuwasilisha serikalini taarifa ya mwaka ya fedha ambayo mashirika mengine ya hisani huwasilisha. Mwaka 2007 Seneta Chuck Grassley aliziandikia huduma sita, zikiwamo za Copeland na Dollar, akiuliza habari za ndege, nyumba na mishahara. Mbili tu zilitoa ushirikiano kamili. Uchunguzi ukafungwa mwaka 2011 bila adhabu kwa yeyote.

Sisi Walutheri tunapaswa kuitambua sauti hii haraka kuliko wengine, maana ndiyo iliyotuzaa. Mwaka 1517 maskini wa Ujerumani walikuwa wakinunua vyeti vya msamaha, na fedha zikaenda kujenga kanisa la Mtakatifu Petro huko Rumi. Katika hoja zake 95, ile ya 86 inauliza kwa nini Papa, tajiri kama alivyo, asijenge kwa fedha zake badala ya za waumini maskini. Mwaka uliofuata, huko Heidelberg, Luther alitofautisha anayemtafuta Mungu katika utukufu na anayemwona msalabani. Cheti kimebadilika kuwa mbegu, jengo limekuwa ndege. Biashara ni ileile, ya kumwuzia maskini kile ambacho Mungu anampa bure.

Hatusemi ndege ni dhambi. Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari wanaoruka, ambayo leo ni AMREF. Marubani wa MAF, shirika la Kikristo lililoanza mwaka 1945, wamewabeba wauguzi wa hospitali yetu ya Haydom kwenda kliniki za mama na mtoto mahali ambapo gari halifiki. Ndege ndogo za namna hiyo, nyingine zenye viti sita tu, hutua kwenye majani ambako kwanza mtu hufukuza ng'ombe. Ukitaka kujua ndege ni ya Injili au la, tazama nani amekaa kwenye kiti. Huku ni mama mwenye uchungu wa siku mbili. Kule ni mtu mmoja aliyewakimbia waliotaka maombi.

Wala tusifikiri mambo haya ni ya ng'ambo tu. Hatuna ndege, lakini tuna magari, na harambee ya kumnunulia kiongozi gari la pili hujaa haraka kuliko ile ya pikipiki ya mwinjilisti mwenye mitaa minne. Mkutano mkuu wa usharika ukifika, mzee wa kanisa anayeinua mkono kuuliza gari hili litamfikisha nani na wapi, asinyamazishwe kwa wimbo.

Na mshirika anayetuuliza kama atume mbegu kwa namba aliyoiona kwenye televisheni, jibu letu ni asitume. Kuku wake aliyemleta mnadani Jumapili, Bwana amekwisha kumpokea.