Kabla ya Kuongeza Pesa za Tangazo, Sogeza Tovuti Karibu na Mteja

Tuseme unauza viatu Gikomba na umefungua tovuti ili mteja wa Kisumu au Malindi aagize bila kupanda basi. Umelipia tangazo, watu wanabonyeza, lakini oda hazifiki. Wengi wetu hapo tunaongeza pesa za tangazo. Kwangu mimi huko ni kuteka maji kwa pakacha. Hebu kwanza jiulize: hiyo tovuti yako inakaa wapi?

Mara nyingi inakaa kwenye seva iliyo Ulaya au Marekani, kwa sababu huko ndiko bei ilikuwa nafuu. Mteja akibonyeza akiwa Kisumu, ombi lake linaenda hadi Mombasa, linashuka baharini, linafika ng'ambo, kisha jibu linarudi njia hiyo hiyo. Safari moja ya kwenda na kurudi Ulaya huchukua zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Ni kidogo, sawa, lakini si safari moja. Simu na seva husalimiana kwanza, halafu hupatana kuhusu usalama, ndipo ukurasa huombwa, na baada ya ukurasa picha nazo zianze kuitwa. Mwanga ndani ya nyaya hizo huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na hakuna bando la kuuongezea mwendo.

Dawa yake ni mtandao wa kusambaza maudhui, ambao mafundi wanauita CDN. Ni kampuni yenye seva katika miji mingi, na kila seva inaweka nakala za picha na mafaili yako. Ni kama unga: huendi kiwandani kila ukitaka ugali, unachukua dukani mtaani. Cloudflare, kwa mfano, ina seva Nairobi na Mombasa, na ina mpango wa bure unaotosha duka dogo. Mnamo Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, intaneti ya Kenya ilizorota. Siku kama hiyo, picha ambayo nakala yake iko Nairobi haina haja ya kuvuka bahari.

Lakini usidanganywe kwamba CDN inatibu kila kitu. Picha ya kiatu uliyoipiga kwa simu na kuipandisha ilivyo, MB 4 nzima, bado ni MB 4 za bando la mteja hata ikitoka jirani. Ipunguze kwanza. Hiyo ni kazi ya jioni moja na haina gharama.

Sasa tuje kwenye malipo, maana hapa ndipo watu huumia. Kuna fundi atakayekuambia aweke nakala za kurasa zote ili duka lipae. Mkatalie. Picha, rangi na maandishi ya bidhaa, sawa. Kapu la mteja, akaunti yake na ukurasa wa kulipia, hapana. Nakala ya kapu ikihifadhiwa, mteja wa pili anaweza kufunguliwa kapu la wa kwanza, pamoja na jina na namba yake ya simu. Hilo si kosa la kiufundi tu, ni siri ya mtu umeimwaga.

Jambo la pili halisemwi sana. Mteja akishaweka PIN, mfumo wa malipo hutuma taarifa kwa tovuti yako kwamba pesa imeingia. Taarifa hiyo hutoka kwa mashine, si kwa mtu. CDN nyingi zina mlinzi wa kuzuia mashine zinazosumbua, na mlinzi huyo hajui ipi ni ya heri. Akiizuia, pesa ishakatwa lakini oda inabaki imeandikwa haijalipwa. Mteja anapiga simu akiwa amekasirika, na ana haki. Mwambie fundi aiache wazi anwani inayopokea taarifa za malipo, na tovuti yenyewe ihakiki kila taarifa kabla ya kuiamini.

Hata kitufe cha kulipa ukiangalie. Ukurasa ukichelewa, mtu hubonyeza tena, na tena, na pengine ataweka PIN mara mbili. Kitufe kizimike baada ya kubonyezwa mara ya kwanza na kiandike "subiri".

Ukimaliza yote, usipime kwa kompyuta ya ofisini yenye waya. Chukua simu ya bei ya chini, zima waifai, washa data, ukae ndani ya matatu au mahali popote mtandao unaposuasua. Weka bidhaa ya majaribio ya shilingi 10 dukani mwako na uinunue mwenyewe. Hesabu sekunde hadi picha ya kwanza ionekane, halafu uone kama ujumbe wa malipo ukiingia na oda nayo inageuka kuwa imelipwa.