Ukurasa wa Uzazi Unaorukwa Darasani

Katika somo la Baiolojia la shule ya sekondari ipo mada ambayo walimu wengi huifundisha nusu. Nusu ya kwanza, ya uzazi usiohitaji jinsia mbili, haina shida: mwalimu huchora ubaoni amiba ikigawanyika, hamira ikichipua, kisha pingili za muhogo, marando ya viazi vitamu na machipukizi ya mgomba. Wanafunzi, ambao wengi wamekwisha kuvipanda shambani kwa mikono yao, hunakili bila kicheko. Shida huanza kwenye uzazi wa jinsia. Ua lenye chavua na ovari hupita salama, mchoro wa mwili wa binadamu ndio huambiwa, “mtasoma wenyewe nyumbani.”

Sisi tunaona kwamba kimya hicho kinatudhuru, wala lawama si ya walimu peke yao. Baadhi ya wazazi, waamini wema kabisa, hulalamika kwamba daftari la mtoto lina “picha chafu”. Tuliliona daftari moja la namna hiyo: mfuko wa uzazi uliochorwa kwa penseli, majina ya sehemu zake, na makosa mawili ya tahajia. Hakuna zaidi. Mtoto huyohuyo akikosa mchoro wa mwalimu atapata picha nyingine katika simu, na hizo hazina majina ya sehemu wala heshima.

Kanisa halikuagiza ukimya. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 kuhusu elimu ya Kikristo, ulitaka vijana wapewe elimu ya jinsia iliyo chanya na yenye busara, kadiri umri wao unavyosonga. Mtakatifu Yohane Paulo II, mwaka 1981, alisisitiza katika Familiaris consortio kwamba haki na wajibu huo ni wa wazazi kwanza. Papa Fransisko naye akaitetea elimu hiyo mwaka 2016 katika Amoris laetitia. Basi mzazi anayedai kuwa mwalimu wa kwanza, kisha asiseme neno nyumbani, ameiacha haki yake njiani aiokote yeyote apitaye.

Tena nusu hizi mbili huelezana. Pingili ya muhogo huzaa mmea uleule wa mama yake, hata kwa maradhi. Ndiyo maana michirizi ya kahawia, ugonjwa ulioelezwa Tanganyika mwaka 1936, husafiri na mbegu kutoka shamba hadi shamba. Mtoto wa binadamu hupokea kromosomu 23 kwa baba na 23 kwa mama, na mchanganyiko huo (tukiwaacha mapacha wa kufanana) ni wake peke yake. Katekista anayefundisha upekee wa kila mtu hana sababu ya kuuogopa mchoro huo.

Novemba 2021 Serikali ya Tanzania iliruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito kurudi katika shule za kawaida. Uamuzi huo una huruma, lakini humfikia binti baada ya jambo kutokea. Wapo wanaoelezwa mzunguko wa hedhi kwa mara ya kwanza wakiwa kliniki ya wajawazito, ilhali mchoro wake ulikuwa katika ukurasa ule uliorukwa.

Tunawaomba walimu wa shule zetu wawaonyeshe wazazi michoro hiyo katika kikao cha kwanza cha muhula, kabla watoto hawajaichora. Mwenye swali aulize palepale, daftari likiwa wazi mezani.