Nani atamsimamisha mkubwa?



Niko na neno juu ya mchezo wetu wa kufunga mwaka. Nalisema wazi, maana kosa ni langu.

Tulipoanza mazoezi, mimi ndiye niliongoza, na mimi tena nilicheza sultani mlafi. Kila nikifungua kinywa, kicheko! Nikafikiri: kumbe niko na kipawa. Siku moja mtoto mdogo akaja kumngojea kaka yake. Alitazama, akapiga miayo, akasema: «Huyu iko napiga makelele tu.» Wote wakanyamaza. Hapo nikaelewa. Mimi ndiye naandika majina ya wachelewaji katika kaye. Nani angeniambia kama naharibu mchezo?

Kuongoza na kucheza pamoja si vibaya. Molière alifanya yote mawili, hata mwaka 1673 ugonjwa ukamshika jukwaani Paris, akafa usiku ule ule. Lakini watu wake walilipa mlangoni, wasipocheka, alijua. Sisi tunachekewa bure, na kwa woga.

Tuache Paris, twende Lubumbashi. Wazazi wetu wanamjua Mufwankolo, jina lake Odilon Kyembe. Kundi lake lilicheza kwa Kiswahili cha kule bila kukariri maandiko: walipatana juu ya hadithi, wakagawana kazi, kila mtu akatafuta maneno yake mwenyewe. Mwaka 1986 profesa Johannes Fabian aliwauliza maana ya ule usemi kama mamlaka huliwa mazima. Wakajadiliana, wakautengenezea mchezo, wakaucheza kijijini Kawama, karibu na Lubumbashi. Ona: mchezo mzima ulitoka katika kubishana. Kwetu sisi nani anabishana na mkubwa wa wanafunzi?

Basi nashauri hivi. Karatasi tuziache, tuseme Kiswahili cha hapa Kalemie, cha sokoni na cha bandarini, ili mama aliyetoka kuuza ndagala asisinzie kama mwaka uliopita, tulipokariri Kifaransa saa mbili nzima. Na anayeongoza asijipe kazi kubwa. Akiingia jukwaani, mwingine akae nyuma ya sali na ruhusa ya kumsimamisha, hata akiwa mdogo wake.

Wengine, hata kati ya walimu, wanasema mkubwa akichekwa, heshima itapotea na kelele zitazidi darasani. Hofu hiyo naielewa, kaye naishika mimi. Lakini heshima iliyonidanganya kama nachekesha, hiyo inanisaidia nini?

Kazi ya sultani nimekwisha kuitoa. Nimempa kijana ambaye jina lake limejaa kuliko yote katika kaye yangu, na anatembea kama mimi kabisa, hata mkono nyuma. Mimi ni askari wa mlangoni, niko na maneno mawili. Nyuma ya sali amekaa dada mmoja wa darasa la nne. Jumamosi alinisimamisha mara tatu: «Yaya, hatukusikii. Rudia.»