Mgeni Asiyejua Kuanguka

Katika likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Ujiji, na jioni moja nikaenda kutazama tamasha la ngumi na mieleka lililoandaliwa na watu ambao sitawataja. Mapambano yaliyotangazwa yalikuwa saba. Matangazo yalibandikwa kuanzia Mwanga hadi Kibirizi, lakini sura za vijana watakaopigana zilikuwa ndogo kama stempu, zimepangwa chini kabisa ya karatasi. Nafasi iliyosalia ilijazwa na sura ya msanii mmoja kutoka Dar es Salaam. Hakuja kupigana, hakuja kuamua, wala, kama tulivyokuja kugundua, hakuja kuimba. Alikuja “kunogesha”.

Alitarajiwa saa kumi na moja jioni, akafika saa mbili na nusu usiku. Mapambano yalisimamishwa kumsubiri, kwa kuwa waandaaji walitaka afungue yeye. Alipanda ulingoni, akapiga picha, akarusha ngumi mbili hewani. Kijana mmoja wa mieleka akaelekezwa ajiangushe kana kwamba amepigwa, nasi watazamaji tukaangua kicheko. Jambo hilo zima halikuzidi robo saa. Kisha mgeni akaondoka na msafara wake. Kibali cha uwanja kilikwisha saa nne, na kati ya mapambano saba yakafanyika manne tu.

Nikiwa natoka nilimkuta nyuma ya turubai kijana ambaye baba yake ni jirani yetu wa zamani. Bado alikuwa amefungwa bandeji mikononi.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Mbona hujapanda?”

“Muda umekwisha, Mwalimu. Na nimepunguza kilo nne kwa ajili ya leo.”

“Na malipo?”

“Wamesema asiyepanda halipwi.”

Ndugu msomaji, nimelibeba jibu lile kwa majuma kadhaa. Siandiki makala haya kwa sababu nawachukia wasanii. Ninao wanafunzi wanaoimba, na wengine wanaimba vizuri kuliko wanavyoandika tasnifu. Ninaandika kwa sababu nimeanza kuamini kwamba kilichotokea Ujiji usiku ule ndicho kinachotokea katika kila jukwaa letu, la michezo na la siasa. Na ili kukielewa, hakuna mahali pazuri pa kuanzia kuliko mieleka ya kulipwa, mchezo ambao wasomi wenzangu huona aibu kuutaja.

Sisi tuliokulia Ujiji miaka ya 1990 tuliijua mieleka hiyo katika kibanda cha video kilichoendeshwa kwa jenereta, tukikaa kwenye mabenchi yaliyonuka dagaa. Kila onyesho lilifuatwa na ugomvi uleule: je, ni kweli au ni maigizo? Tulipokwenda ufukweni kuigiza tulichokiona, wakubwa wetu walitufundisha jambo ambalo ugomvi ule haukuligusa. Kabla ya kuruhusiwa kumwinua mwenzako, ulijifunza kuanguka: kidevu kifuani, mikono itandazwe ipige mchanga pamoja na mgongo, pumzi itoke. Matokeo ya mieleka ya kulipwa hupangwa, naam, lakini uzito wa mwili haupangwi. Mwanamieleka humkabidhi mwenzake shingo yake, na mwenzake humrudishia ikiwa nzima. Ujuzi wa kwanza wa kazi ile ni kuanguka kwa namna itakayomfanya mwingine aonekane shujaa.

Sasa mtazame mgeni mashuhuri anapoingia katika kazi hiyo. Tarehe 31 Machi 1985, katika ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York, kampuni ya Vince McMahon ilifanya WrestleMania ya kwanza. Muhammad Ali, yule aliyemwangusha George Foreman Kinshasa mwaka 1974, aliwekwa kuwa mwamuzi wa ziada kando ya ulingo. Mpiga piano Liberace alishika saa. Mwigizaji Mr. T alipigana upande mmoja na Hulk Hogan dhidi ya Roddy Piper na Paul Orndorff. Waliocheza mieleka kila usiku katika miji midogo walijaza ratiba. Waliouza tiketi walikuwa wageni. Mradi ulifaulu, na kanuni ikazaliwa: mgeni huleta macho, naye hulindwa asianguke.

Mwaka 1998 huko Boston kanuni hiyo ilionekana wazi zaidi. Mike Tyson, aliyekuwa amefungiwa ngumi baada ya kumng’ata Evander Holyfield sikio, aliletwa kusimamia pambano la Shawn Michaels na Steve Austin. Michaels alipanda ulingoni akiwa na jeraha baya la mgongo alilolipata miezi miwili kabla. Alipigana hivyo hivyo, akashindwa kama ilivyopangwa, na Tyson ndiye aliyepiga mkono chini mara tatu kumtangaza mshindi, kisha akamtandika Michaels konde la kuagia. Kilichobaki katika kumbukumbu ya wengi ni konde lile. Michaels alikaa nje ya ulingo zaidi ya miaka minne.

Kisha ukaja mwaka 2007 huko Detroit. Donald Trump na McMahon walishindana kwa niaba: kila mmoja alimweka mwanamieleka wake, Bobby Lashley kwa Trump na Umaga kwa McMahon, na tajiri ambaye mtu wake angeshindwa angenyolewa kichwa. Lashley na Umaga ndio waliotoa jasho. Matajiri ndio waliokuwa habari. Mwishoni Austin alimpiga Trump pigo lake maarufu, naye akaanguka vibaya mno, kama mtu anayetafuta kiti gizani, hadi mashabiki wa mieleka wanamcheka mpaka leo. Mwaka 2013 aliingizwa katika orodha ya heshima ya kampuni hiyo. Mwaka 2016 alichaguliwa kuwa Rais wa Marekani, na aliposhindwa mwaka 2020 alikataa kukiri kwamba ameshindwa. Nawaachia wanafunzi wangu wa sayansi ya siasa watafakari kama kuna uhusiano. Umaga alifariki Desemba 2009 akiwa na umri wa miaka 36.

Mtu wa Ujiji hapaswi kuyashangaa haya, kwa kuwa mji wetu wenyewe umewekwa kwenye ramani ya dunia na mgeni mashuhuri. Novemba 1871 Henry Morton Stanley, mwandishi aliyetumwa na gazeti la New York Herald, alimkuta David Livingstone hapa, na kwa sababu hiyo tuna mnara, tuna makumbusho, na tuna miembe inayosemwa kuwa vizazi vya mwembe ule. Maneno ya salamu ambayo Stanley alidai kuyatamka yanajulikana na watoto wa shule duniani kote. Lakini katika shajara yake kurasa zilizopaswa kuyabeba zimechanwa, na wapo wanahistoria wanaoamini kwamba aliyatunga baadaye. Mpiga mieleka yeyote angemwelewa.

Na nani alianguka? Abdullah Susi alikuwa Ujiji siku ile. Ndiye aliyetoka mbio kumlaki Stanley. Livingstone alipofariki kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, Mei 1873, Susi na James Chuma pamoja na wenzao waliukausha mwili wake na kuubeba zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Baadhi yao walikufa njiani. Mazishi yalifanyika Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza mwaka huohuo, lakini walifika mazishi yakiwa yamekwisha. Ninapomfikiria kijana wangu mwenye bandeji mikononi, akisimama nyuma ya turubai wakati shughuli yake inafungwa bila yeye, ninawafikiria watu hao wawili.

Najua jibu la waandaaji, nami nitalitendea haki. Husema: bila staa, tiketi haziuzwi, bila tiketi, hata hayo mapambano manne hayapo. Wahenga nao waliwaunga mkono: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hoja hii ina ukweli. Bila Ali na Mr. T huenda WrestleMania isingefika mwaka wa pili.

Lakini methali ile ina sharti ndani yake, nalo ni kwamba mwenyeji apone. Je, amepona? Huko Marekani, baada ya miongo minne ya wageni mashuhuri na mabilioni ya dola, wanamieleka wa kampuni hiyo bado huandikishwa kama wakandarasi wa kujitegemea, wala hawana chama cha wafanyakazi. Huku kwetu kijana amepunguza kilo nne, amekosa pambano na amekosa ujira. Aliyepona ni mwandaaji na hoteli aliyolala mgeni. Wenyeji tumeambulia picha.

Ipo methali nyingine, nayo tunaisahau kwa makusudi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hata mieleka yenyewe imewahi kuonyesha maana yake. Mwaka 2000 kampuni ya WCW, iliyokuwa ikishindana na ile ya McMahon, ilimvika mwigizaji David Arquette mkanda wa ubingwa wa dunia ili kuitangaza filamu aliyoigiza. Arquette mwenyewe, shabiki wa mieleka tangu utotoni, alipinga. Alijua ni matusi kwa watu waliovunjika mifupa wakiutafuta mkanda ule. Ujira alioupata alizigawia familia za wanamieleka waliokuwa wamekufa au kupooza. Mwaka uliofuata WCW iliuzwa kwa mshindani wake. Lakini Arquette alirudi mwaka 2018, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 40, akajifunza kuanguka katika kumbi ndogo zisizo na kamera kubwa, na katika pambano moja akajeruhiwa shingoni nusura afe. Naye mwanamuziki Bad Bunny wa Puerto Rico, kabla ya kupanda WrestleMania mwaka 2021, alifanya mazoezi kwa miezi kadhaa pamoja na wanamieleka, na wakongwe walioingia wakiwa na dharau walitoka na heshima. Wageni hao walipewa jembe, wakalima.

Nasi tunaye mfano wetu. Joseph Mbilinyi, Sugu, aliingia siasa akitoka kwenye muziki, na mwaka 2010 watu wa Mbeya Mjini walimpa ubunge. Walikuwapo waliosema ni mgeni wa kunogesha tu. Februari 2018 alihukumiwa kifungo cha miezi mitano kwa maneno aliyoyasema jukwaani. Mtu anaweza kuikataa siasa yake yote, lakini hawezi kusema kwamba hakuanguka pamoja na aliowawakilisha.

Mlinganishe na desturi iliyoenea katika mikutano ya kampeni, bila kujali chama. Msanii hupanda, watu hucheza. Mgombea hufuata, hucheza naye. Na swali la mvuvi kuhusu bei ya petroli ya injini ya boti halipandi kabisa, muda umekwisha. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Inawezekana uamuzi ule ulikuwa wa lazima. Samaki wamepungua na kila mvuvi anajua. Lakini waliojiangusha ili ziwa lisimame ni wavuvi wa Katonga na Kibirizi, pamoja na kina mama wanaoanika dagaa. Siku msafara wa staa unapopita, husukumwa kando ya barabara wapunge mikono.

Kwa hiyo nawaambia waandaaji wa Kigoma, na wa kwingine kokote, mambo matatu. La kwanza, yeyote ambaye jina lake limo katika ratiba alipwe kabla mgeni hajakatiwa tiketi ya ndege, apande au asipande. La pili, mapambano yaanze kwa saa iliyotangazwa. Mgeni akichelewa, ayakute yakiendelea, akae, atazame. La tatu, anayetaka kupanda ulingoni aje siku tatu kabla, avue viatu vya thamani, ashuke ufukweni na vijana wetu, afundishwe kuweka kidevu kifuani. Akikataa, basi tumkaribishe kwa heshima zote, tumpe kiti cha mbele na sahani ya migebuka, lakini ulingo tusimpe.

Nanyi watazamaji wenzangu hamna pa kukimbilia. Kicheko kilichojaa uwanja usiku ule kilikuwa chetu, na changu kilikuwamo. Sisi ndio tulionunua tiketi kwa ajili ya sura kubwa, wala hatukusoma majina yaliyoandikwa chini yake.

Kijana yule ameniambia kwa simu kwamba bado anafanya mazoezi, alfajiri, kabla ya kwenda kubeba mizigo bandarini. Wamemwahidi pambano jingine. Nilimuuliza mgeni rasmi atakuwa nani. Akasema bado hawajamwambia, ila tangazo limekwisha kuchapishwa.