Acheni Tunukie Matunda

Kiswahili kilishamaliza huu mjadala zamani. Kunuka ni jambo moja, kunukia ni jingine. Soksi za wiki nzima zinanuka, biriani inanukia. Lakini hapa Nairobi kuna watu ambao ukipita unanukia pichi na waridi, wanakutazama kana kwamba umenuka. Eti hayo ni marashi ya mtoto wa fomu tuu. Eti mwanamke mzima anapaswa kunukia udi, ngozi, tumbaku, moshi. Yaani kama jiko la nyama choma lenye digrii.

Mimi huvaa ya matunda na maua. Kila siku, Jumatatu ikiwemo. Yangu huanza na pea iliyoiva na pichi, kwa sauti ya juu kabisa, halafu baada ya nusu saa hivi matunda yanatulia na asmini inaingia taratibu. Jioni kinachobaki kwenye kola ni kitu laini kama nguo iliyoanikwa juani. Sasa weka hiyo kwenye matatu ya Thika Road saa kumi na mbili unusu asubuhi, mvua inanyesha, madirisha yamefungwa, jaketi zimelowa na kondakta anakusukuma ndani na goti. Ile pea ndiyo kitu pekee asubuhi hiyo nilichojichagulia mwenyewe.

Msimamizi mmoja niliyewahi kufanya kazi chini yake alinisubiri nimalize kusoma hesabu za nusu mwaka mbele ya watu, hesabu ambazo hakuna aliyepata kosa ndani yake, kisha akasema, “Hapa si bethdei pati.” Watu wakacheka kidogo. Jamaa aliyekuwa ameketi karibu naye alikuwa amejimwagia koloni mpaka lifti ilikuwa bado inamkumbuka saa nne baadaye. Huyo hakuambiwa kitu. Huyo, nasikia, ana uzito.

Hapo ndipo ninapokataa. Pichi haijafanya kosa lolote. Kosa ni kwamba wasichana wanaipenda, na kitu kikipendwa na wasichana huku kwetu kinashushwa cheo siku hiyohiyo.

Halafu wanakuja wajuzi na historia yao: matunda ni utoto wa juzi, pafyumu za heshima hazina mambo hayo. Si kweli. Mwaka 1919 Jacques Guerlain alitia harufu ya pichi kwenye Mitsouko, na mpaka leo hao hao wajuzi wanaitaja kwa kunong’ona kama wako msikitini. Na pichi yenyewe ilitoka maabara, kwa sababu hilo tunda huwezi kulikamua likakupa mafuta ya marashi. Kwa hiyo hata lile neno “feki” wanalotupia pia halina mguu.

Miaka miwili baadaye, 1921, Ernest Beaux akatengeneza Chanel No. 5, na humo mna asmini na langilangi. Langilangi, jamani! Ua linalokuzwa Komoro, hapo tu ng’ambo ya maji. Nenda Lamu, nenda Mji wa Kale Mombasa, uliza kikuba ni nini. Asmini, rehani, langilangi, vimefungwa pamoja vikachomekwa kwenye nywele au kifuani. Na kikuba hakikuwa cha mtoto wa shule. Kilikuwa cha bibi harusi, cha mwanamke mwenye nyumba yake na mambo yake ya usiku. Halafu mtu wa Kilimani aniambie mimi maua ni utoto?

Sina ugomvi na udi, kusema ukweli. Udi ukifukizwa kwenye chetezo nyumbani, mgeni anakuja au kuna harusi, mimi nitakuwa wa kwanza kukaribia moshi na leso yangu. Ninachokataa ni kuugeuza udi kuwa cheti cha utu uzima.

Na tusizungukane, kuna suala la pesa pia. Mtu akisema unanukia “vitu vya Eastleigh”, hajazungumzia harufu. Amezungumzia mfuko wako. Yule muuzaji anayekumiminia mafuta kutoka chupa kubwa ya kioo hadi kichupa chenye gololi anawauzia wasusi, wahudumu wa hoteli, wanafunzi wa chuo, watu ambao wangetakiwa wangoje mpaka watajirike ndipo wanukie vizuri. Kwa nini wangoje?

Ndiyo, kuna adabu ya kujipulizia. Kwenye matatu iliyofungwa kuna mtu mwenye pumu, kuna mama mjamzito ambaye tumbo lake limeshakataa kila kitu tangu alfajiri. Mara mbili zinatosha, shingoni na kwenye kiganja, basi. Nikiwa Mombasa hupunguza hadi moja, kwa sababu joto la kule linaamsha matunda yote kwa pamoja na sukari inageuka shira. Lakini adabu hiyo ni ya kila mtu, ya pichi na ya udi na ya koloni. Tuanze na yule wa lifti.