Kifaranga wa Bata Mwenye Miguu Mibovu

Majuma matatu yaliyopita mwanafunzi mmoja wa komini ya Tshopo, hapa Kisangani, alitujia baada ya Misa amechukua kikapu. Ndani yake mlikuwa na kifaranga wa bata wa siku kumi na mbili. Miguu yake ilitanuka huku na huku, na mgongo wake umepinda kama upinde. Alijivuta kwa kifua.

“Baba,” alituambia mtoto, “jirani asema tumtupe mtoni, kwani kiumbe wa namna hii hazaliwi bure. Tena tangu siku hiyo amtazama bibi yetu kwa jicho baya, kwa kuwa ndiye aliyetunza mayai.”

Wasomaji wapendwa, hapo yapo mambo mawili: kifaranga anayeteseka, na mama mzee anayeanza kushukiwa uchawi. La pili ni zito kuliko la kwanza. Lakini tulianza na la kwanza, maana ukweli juu ya kifaranga ndio uliokuwa na nguvu ya kumtetea mzee.

Tukamwuliza mtoto maswali. Kifaranga hulala wapi? Juu ya simenti laini. Hula nini? Unga wa mahindi, basi. Nani aliatamia mayai? Kuku, kwa sababu mama bata alikufa. Na baba yake ni nani? Bata dume wa nyumbani, ndugu wa tumbo moja na huyo mama aliyekufa.

Majibu hayo yalitosha. Bata mchanga ahitaji vitamini iitwayo niasini, karibu miligramu 55 katika kila kilo ya chakula, kupita kifaranga wa kuku. Mahindi yanayo kidogo tu, na hata hicho kidogo kimefungwa ndani ya punje, tumbo haliwezi kukipata. Basi mifupa ya miguu hupinda na vifundo huvimba. Simenti nayo huteleza, miguu ikatanuka. Tena mayai ya bata ni makubwa, kuku huyageuza kwa shida, na kifaranga huweza kukua vibaya mle yaimoni. Na ndugu wakizaliana, kasoro za mwili huongezeka.

Basi tulimwagiza mtoto hivi. Amwondoe kifaranga kwenye simenti, amtandikie nyasi kavu au gunia. Katika chakula achanganye samaki mkavu aliyesagwa, kumbikumbi, na karanga safi. Akipata chachu ya bia, aongeze kidogo kila siku. Karanga zenye ukungu asimpe kamwe. Mwaka 1960 kule Uingereza zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa kwa kula karanga zilizooza, na bata wachanga ni wepesi zaidi wa kudhurika kwa sumu hiyo.

Miguu iliyotanuka aifunge kwa ukanda wa kitambaa laini, iwe mbali kidogo kama bata anavyosimama. Ukanda usikaze, na atazame kila siku kama ngozi haikuchubuka. Tena amwogeleshe katika beseni la maji ya uvuguvugu dakika chache, kwani maji hubeba uzito na miguu hujifunza kazi yake. Kisha amkaushe vizuri, maana baridi huua upesi. Maji ya kunywa yawe ya kuzamisha mdomo, yasiwe ya kumzamisha mwenyewe.

Hatukumdanganya mtoto. Miguu iliyodhoofika kwa chakula hupona mara nyingi ikiwahiwa. Ukano ukiteleza kutoka mahali pake kifundoni na siku zikapita, ni vigumu kurudi. Na mgongo uliozaliwa umepinda haunyoki. Mnyama asiyeweza kula wala kunywa, anayeumia tu, ni heri kumkatia maisha upesi kwa mkono wa mtu mzima, kuliko kumwacha awe mchezo wa watoto. Katekisimu ya Kanisa, namba 2418, yafundisha kwamba kuwatesa wanyama bila sababu hakupatani na heshima ya mwanadamu. Papo hapo yaonya fedha ipasayo kuondoa dhiki ya watu isipewe wanyama. Kwa hiyo dawa ya mtoto hutangulia, bata hufuata.

Sasa turudi kwa yule bibi. Nchi yetu yajua jambo lililo karibu na hili. Katika sehemu za Kwango kuna ugonjwa uitwao konzo: mtu huamka miguu imekaza, hawezi kutembea tena. Daktari Giovanni Trolli aliueleza mwaka 1938. Wengi walitafuta mchawi, lakini wataalamu waliuona ukihusiana na mihogo michungu isiyolowekwa ya kutosha, ambayo sumu yake hubaki, na chakula kisicho na samaki wala nyama. Ni wazee wangapi na watoto wangapi waliosingiziwa na kufukuzwa nyumbani, hali kosa lilikuwa katika chungu! Anayemshtaki jirani yake bila kuuliza kwanza, huyo amsingizia asiye na hatia, nayo ni dhambi.

Jumapili iliyopita mtoto alirudi. Kifaranga asimama na kutembea, ingawa kwa kuchechemea. Mgongo ungali umepinda. Tumemwagiza asimzalishe, na wabadilishane bata dume na jamaa wa mtaa mwingine. Lakini habari iliyotufurahisha zaidi ni nyingine. Mtoto alimwalika jirani aje kutazama, akamweleza juu ya mahindi, simenti na mayai, kama mwalimu mbele ya ubao. Jirani alisikiliza, akanyamaza. Kesho yake alileta kipande cha samaki mkavu, akampa bibi mkononi.

Wazazi, watoto wakiwaletea kiumbe mlemavu, msiseme upesi, “Nani amefanya?” Ulizeni kwanza, “Amekula nini, na amelala wapi?”