Bibi wa Mgonjwa Alale Wapi?

Ndugu msomaji, neno la leo kanisani tunaona haya kulisema. Mimi lilinishinda, ndiyo sababu ninaliandika.

Nilikwenda kuangalia baba mmoja hapa Kolwezi. Alitumika miaka mingi chini ya udongo, na vumbi ya mawe imekula mapafu yake. Daktari alikwisha kusema hakuna dawa ya kuyarudisha, inabaki tu kumtuliza. Dada zake walikuja kumlinda. Walimwosha vizuri, walimpikia uji. Lakini bibi yake walimtoa chumbani, akawa analala jikoni juu ya mkeka. "Mugonjwa apumuzike," walisema.

Nilipoinama kuomba, akanishika mkono: "Pasta, uwaambie wamurudishe bibi yangu. Sina nguvu ya mambo mingi. Usiku nataka nisikie mkono wake tu."

Nilisikia haya mbele ya wale mama. Nikaomba, nikaenda zangu.

Kisha siku tano nikarudi, nikawaambia. Bibi akarudi chumbani usiku ule. Walipata usiku sita. Wangepata kumi na mmoja.

Ndugu, vumbi ya mapafu haiambukizi, wala kansa haiambukizi kwa kulala karibu. Kifua kikuu ndicho kinaambukiza, nacho kinapenda mapafu yenye vumbi, basi makohozi yapimwe mbele. Mtu wa pumzi fupi mweke mito mgongoni, akae nusu-kulala, bibi awe kando. Kama daktari amempa morfini ya kunywa, maumivu hupungua kisha nusu saa ao saa moja. Saa hiyo muwaachie chumba, watoto waende kucheza inje. Watakalofanya ni lao. Paulo, katika 1 Wakorinto 7, anasema juu ya haki ya bwana na bibi na mapatano yao. Dada za bwana sikuwaona mule.

Lakini mgonjwa mwenyewe aulizwe. Kuna mama ambaye mwili unamuuma kila mahali, ao bwana alikuwa anamupiga zamani, hataki kuguswa. Huyu naye asikilizwe, hata bwana akinung'unika.

Na ninyi vijana mnaolinda wazazi, pigeni hodi, mungoje jibu. Hospitalini, penye vitanda vingi katika chumba kimoja, mwombe mwuguzi ruhusa: kamba moja na kitenge vinatosha.